Chapa ni ya Kiwanda, Ufundi ni Wetu

Leo twapenda kusema neno juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wataliona dogo. Ni habari ya mfanyakazi mwenye motokaa kuukuu, ambaye Jumamosi, baada ya kazi za juma, huvaa nguo zake za oili, akatandika gunia chini ya gari, akalala chali na kufungua kwa mkono wake mwenyewe kile ambacho mtu mwingine angempelekea fundi. Huyu si mtu wa gereji, wala halipwi na mtu. Ni karani, au mwalimu, au mtu wa reli, aliyejifunza ufundi kwa kuupenda tu. Yuko katika kila mtaa wa Tabora, na majirani wamjua kwa mlio wa nyundo yake. Swali linalomkabili siku hizi ni hili: je, aiache chapa ya gari aliyoizoea tangu ujana wake, ahamie chapa nyingine?

Hapa kwetu magharibi swali hilo lina majina, nasi hatuna haja ya kuyaficha. Ni swali la kuiacha Land Rover na kushika Toyota. Mwandishi wa maneno haya alikuwa mtu wa Land Rover kwa muda wa miaka ishirini na zaidi. Sasa amehama. Alihama baada ya kukaidi kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa, na kwa kuwa ukaidi wake nusura uwaletee watu wengine hasara isiyolipika, ameona ni wajibu wake kuwaeleza wenzake aliyojifunza.

Kwanza tumpe mwenye haki haki yake. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha majuzi tu, na chuma kilikuwa adimu Uingereza; basi mabati ya mwili wake yakatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo hailiwi na kutu kama chuma. Gari lenyewe liliungwa kwa vipande vilivyofungwa kwa bolti, hata ikiwa madigadi moja limepondeka, mtu aliweza kulifungua peke yake, akaliweka kando na kuendelea na safari. Injini yake mashuhuri ya lita mbili na robo ilitengenezwa ya petroli na ya dizeli, nazo zilifanana sana, hata aliyeijua moja hakupotea katika nyingine. Gari la namna hiyo lilikuwa shule. Wako watu wa nchi hii ambao hawakupata kuingia katika chuo cha ufundi hata siku moja, nao walijifunza maana ya klachi, giaboksi na eksoli chini ya gari hilo, kwa kushika taa kwanza, kisha kwa kupokezana spana, kisha kwa kuachiwa nati moja waifunge wenyewe.

Mapenzi hayo hayajafa. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika kwa mamia mjini Arusha, wakaandamana barabarani na magari yao. Hatuwacheki. Mtu aliyevushwa salama hukipenda chombo kilichomvusha.

Lakini mji wa Tabora ungepaswa kuwa wa mwisho kudhani kwamba kubadili chapa ni jambo geni. Mji huu ulikuzwa na njia. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikatua Unyanyembe. Na kutoka hapa wengine walishika njia ya Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, wengine njia ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, walihesabu siku 134 tangu kuondoka pwani. Mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo, kwa hiyo mzigo ulikwenda begani mwa mtu, na wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, watu walioifanya safari kuwa kazi ya fahari. Pagazi alichukua frasila mbili au karibu na hapo, yaani kilo thelathini kwa makadirio. Sasa fikiri, ndugu msomaji: mtu atembee miezi minne na mzigo huo, kisha afike na kuambiwa kwamba hakuna anayeutaka.

Jambo hilo liliweza kutokea kwa habari ya shanga. Kila nchi njiani ilikuwa na shanga inazozipenda. Rangi iliyonunua chakula katika nchi moja haikununua hata yai katika nchi ya pili. Kwa hiyo mkuu wa msafara aliyejua kazi yake hakuuliza ni shanga gani nzuri machoni pake. Aliuliza ni shanga gani zinazopokewa katika njia anayoiendea.

Ndivyo ilivyokuwa na kwa nguo. Kitambaa cha merikani kilitoka kwa kweli Marekani, katika viwanda vya Massachusetts, nacho kilitawala masoko ya pwani na bara. Marekani ilipoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 hadi 1865, kitambaa hicho kikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na vya India vikajipenyeza na kushika nafasi yake. Biashara haikukaa kitako kulilia chapa. Kitambaa kikabadilika, jina la merikani likabaki. Mambo ya leo si mbali na hayo. Mtu akiona gari la polisi la doria husema "difenda" limepita, hata kama lililopita ni Land Cruiser. Kitu hutangulia, jina hukawia nyuma.

Basi neno letu ni hili: chapa ya gari ni kama shanga za msafara. Thamani yake haimo katika kung'aa, imo katika kupokewa njiani. Gari linalomfaa mtu wa Tabora ni lile ambalo spea zake zapatikana, na mwenye kulijua yupo, katika njia anayopita yeye na jirani zake.

Mwandishi alilijua jambo hilo kwa akili, lakini moyo haukukubali. Masika moja gari lake lilikaa juu ya mawe kwa muda wa miezi mitatu, likingoja kifaa kisichozidi ukubwa wa kiganja. Tangu kiangazi alijua kwamba kifaa hicho kimechoka. Alikuwa na nafasi ya kukiagiza mapema, akaahirisha. Katika maduka ya mjini hakikuwapo, kwa sababu wanaokihitaji wamekuwa wachache, wala hakuna mwenye duka anayeweka fedha yake katika kitu cha mteja mmoja. Usiku mmoja, mvua ikinyesha, jirani alibisha hodi: binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu wa uzazi. Jirani yule hakuuliza habari ya chapa. Aliuliza neno moja tu: "Ndugu yangu, gari latembea?" Halikutembea. Binti yule alipelekwa hospitali kwa pikipiki, kwa mtindo uitwao mshikaki, amekaa katikati ya dereva na mama yake, katika tope na giza. Mungu ni mwema, alifika, na mtoto yu hai. Lakini kulipokucha mwandishi alilitazama gari lake, safi, limepanguswa vumbi, liko juu ya mawe, akaona haya. Kosa halikuwa la kiwanda. Lilikuwa la mwenye gari, aliyelipenda jina kuliko kazi.

Hata hivyo kuhama si kukaa katika gari jingine na kupiga honi. Fundi wa gereji hubadili chapa kila saa, maana gari hili laondoka na lile laingia. Lakini mtu wa Jumamosi ujuzi wake wote umefungwa katika gari moja. Akihama, huacha nyuma vyombo vyake, mazoea ya mkono wake, na wenzake. Asiyeyahesabu hayo mapema atayahesabu kwa majuto.

Tuanze na vyombo. Land Rover za zamani zimechanganya vipimo: zina nati za Whitworth na BSF, na nyingine za vipimo vilivyokuja baada ya vita. Spana ya Whitworth iliyoandikwa robo inchi, mdomo wake wazidi nusu inchi, kwa sababu namba hiyo yahesabu unene wa bolti, si upana wa kichwa chake. Mtu akiisha kuijua siri hiyo hujiona bwana. Toyota kwa upande wake yataka milimita: 10, 12, 14, 17, 19, na kwa kazi nyingi hizo zatosha. Hapo pana mtego. Spana ya robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, nayo yaingia katika nati ya 19 kana kwamba vilizaliwa pamoja. Ndipo mtu hudhani kwamba na nyingine zitaelewana. Lakini spana ya nusu inchi ni milimita 12.7. Mwandishi aliitia katika nati ya 12 siku yake ya kwanza, akavuta kwa nguvu. Nati ikavuliwa pembe zake zote sita, ikabaki mviringo kama shanga. Alasiri nzima ilikwisha kwa tindo na tupa, kwa ajili ya kuogopa kununua spana moja.

Mazoea ya mkono ni hatari zaidi, kwa kuwa hayana namba iliyoandikwa juu yake. Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa umeme kinyume cha desturi ya sasa: upande wa chanya wa betri ndio ulioshikizwa kwenye mwili wa gari. Katika Toyota ni upande wa hasi. Mtu ambaye mkono wake umezoea njia moja, asipoiamsha akili, ataunganisha betri kwa mazoea na kuiunguza altaneta kabla harufu haijamfikia puani. Tena aliyezoea mabati ya aluminiamu hasahau tu, bali hajapata kufikiri habari ya kutu ya mwili wa gari. Anapokwenda kununua Toyota iliyokaa miaka pwani, huitazama injini na kusahau sakafu. Na ainue mazulia, apige kwa kidole mikunjo ya milango, asije akanunua rangi iliyofunika matundu.

Ama wenzake, hilo ndilo lililomtisha mwandishi kuliko yote. Yuko mzee mmoja aliyemfundisha, naye ni mtu wa Land Rover mpaka leo. Kumwendea kumwambia "Mzee, nimehama" kulikuwa kama kuhama dini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilikufundisha kusikiliza injini. Je, injini ya Wajapani haina sauti?"

Katika neno hilo limo jambo lote. Dizeli ni dizeli. Yataka mafuta safi, hewa safi na mgandamizo wa kutosha, hata ikitoka nchi gani. Breki inayovuta upande mmoja huvuta kwa sababu zile zile. Beringi iliyokwisha hulia kilio kile kile. Anayejua kutafuta kosa kwa utaratibu, akianza na lililo jepesi na kwenda kwenye lililo zito, hakuacha kitu cha maana alipohama. Spana zilibadilika, kichwa ni kile kile.

Sasa twageukia makundi mawili ambayo yanasemezana kwa ukali juu ya habari hii. Kundi la kwanza ni la wazee wetu wasemao kwamba kuiacha Land Rover ni usaliti. Kwao twasema kwa heshima: kwa nani? Kiwanda hicho chenyewe kimebadili bwana mara nyingi. Mwaka 1994 kilinunuliwa na BMW ya Ujerumani. Mwaka 2000 kikauzwa kwa Ford ya Marekani. Mwaka 2008 kikaingia mikononi mwa Tata ya India. Na gari lile lenye umbo la kale, Defender, la mwisho wake lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Ikiwa mwenye chapa haoni haya kuhama, mfanyakazi wa Tabora aone haya kwa nini?

Kundi la pili ni la vijana wanaocheka kila Land Rover na kuiita mkweche, na kudhani kwamba Toyota ilishinda kwa sababu ya uzuri tu. Kwao nao twasema: jifunzeni historia ya njia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mafuta kupanda bei duniani na baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, fedha za kigeni ziliadimika, na magari mengi yalikaa juu ya mawe kwa kukosa tairi au beringi moja. Wakati huo waliolisha nchi kwa magari walikuwa mafundi wa kuchonga, kuunga na kubadilisha, na shule ya wengi wao ilikuwa ni hiyo mikweche. Biashara ilipofunguliwa, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wa magari yake uko kulia; gari lashuka bandarini na kuingia barabarani bila kubadilishwa kitu. Spea zikafuata magari, mafundi wakafuata spea, na leo barabara ya Manyoni, Itigi hadi Tabora, iliyowekwa lami katika miaka hii ya karibuni, imejaa magari hayo. Hiyo ndiyo shanga inayopokewa njiani kwa sasa. Haikupokewa jana, wala hakuna aliyeahidi kwamba itapokewa kesho.

Tena wingi una maradhi yake. Kitu kinachotafutwa na wengi huigwa na wengi. Mwenye chapa iliyoenea hukutana na spea za bandia zilizofungwa katika maboksi mazuri kuliko ya halisi. Anayehama na ajifunze kuzipima mkononi kwa uzito, kwa ukali wa maandishi na kwa ulaini wa meno yake, wala asidanganywe na bei iliyo chini mno. Tena asikimbilie gari jipya kabisa kwa sababu ya fahari. Mwandishi alichagua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ya silinda sita na lita 4.2, iliyoanza kutumiwa mwaka 1990. Pampu yake ya mafuta haiongozwi na kompyuta, nayo yaitii spana. Magari mengi ya sasa huficha makosa yake mpaka yaunganishwe na mashine ya kuyapima, na mwenye gari asiye na mashine hiyo hubaki kulitazama kama mgeni. Kwa hiyo swali la mtu wa Jumamosi lisiwe la chapa peke yake. Na aulize pia: gari hili lakubali kufunguliwa na mwenyewe?

Twamaliza kwa mashauri machache kwa wafanyakazi wenzetu. Anayehama asizitupe spana zake za inchi, wala asiziuze kwa mnunua vyuma chakavu. Awape wanaobaki, maana Land Rover zingali zinatembea katika vijiji vya tumbaku na asali, na mwenye nayo apata shida kupata vyombo kuliko kupata gari. Watu watano au sita wa mtaa mmoja waweza kuchanga wakawa na sanduku moja la vyombo vya ushirika, lenye spana za inchi na za milimita, jeki nzuri, jiriwa, na spana ya kupimia mkazo, ambayo ni ghali kwa mtu mmoja na rahisi kwa sita. Na liwemo daftari. Kila aliyefungua kitu aandike kwa Kiswahili alichokiona, kipimo alichotumia na kosa alilofanya. Ufundi wetu mwingi umo vichwani mwa wazee, na kila mzee anayezikwa huzikwa na kitabu ambacho hakikuandikwa.

Mwisho, kila anayelala chini ya gari Jumamosi na awe na kijana wa kumshikia taa. Vyuo vya VETA vyafanya kazi yao, lakini si kila kijana atapata nafasi huko. Uani kwa jirani kuna nafasi. Kijana huyo asifundishwe kuipenda Land Rover wala Toyota. Afundishwe kusikiliza. Wakati wake huenda njia itakuwa imebadili shanga tena, na magari yatatoka nchi nyingine, labda yakienda kwa umeme, bila klachi wala nozeli. Usiku atakapobishiwa hodi, jirani atamwuliza swali lile lile moja. Na yeye awe na jibu bora kuliko alilokuwa nalo mwandishi wa maneno haya.